Vibanda vimelindwa, sasa hataza zisomwe

Julai 28, 2025 Serikali ya Tanzania ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwamo za jumla na rejareja, ufundi simu na umiliki wa viwanda vidogo. Anayekaidi anakabiliwa na faini isiyopungua Sh10 milioni au kifungo kisichozidi miezi sita, na raia anayemsaidia kukwepa ana adhabu yake. Chimbuko la amri hiyo linajulikana. Kariakoo, Dar es Salaam, kuanzia Mtaa wa Msimbazi hadi Kongo na Aggrey, wafanyabiashara walilalamika kwa muda mrefu kwamba mgeni aliyetarajiwa kuleta mtaji na kiwanda anauza sahani na mitandio kwa rejareja. Malalamiko yao yalikuwa ya haki, na walistahili kusikilizwa.

Amri hiyo ilikuwa nyepesi kuandikwa kwa sababu anayelengwa anaonekana. Amesimama nyuma ya meza, ana pasipoti, anaweza kudaiwa kibali. Kilichotangulia meza hakikuguswa. Bidhaa yenyewe ilibuniwa kwingine, ikatengenezwa kwingine, na pale ambapo haki ya kuitengeneza ilihitaji kuandikishwa, iliandikishwa kwa jina la mwingine. Mzawa aliyerithi fremu ya mgeni ataendelea kuagiza mzigo ule ule kupitia bandari zile zile. Kubadilisha muuzaji kuna faida yake, ila ni ndogo kuliko inavyotangazwa majukwaani.

Mfano upo karibu. Mafundi wa maeneo ya Gerezani na Kariakoo wanaotengeneza boti, matangi na bodi za magari wananunua mikeka ya faiba, resini na dawa ya kuigandisha. Vifaa hivyo huingia nchini kwa makontena. Pia ni vya ukoo mmoja na vile vinavyojenga maroketi na satelaiti: vifaa mseto vya polima, yaani nyuzi ngumu zilizoshikwa na gundi ya plastiki, kama fito na udongo katika ukuta wa nyumba ya pwani. Fito zinabeba mzigo, udongo unazishikilia pamoja. Tofauti kati ya boti ya mvuvi na satelaiti ni aina ya nyuzi, ubora wa resini na ukali wa vipimo. Kanuni haibadiliki.

Ukali huo si wa kubeza. Satelaiti ya mzunguko wa chini huingia kwenye jua na kurudi kivulini kila baada ya dakika 90 hivi, na uso wake hupanda hadi kupita nyuzijoto 100 za Selisiasi kisha kushuka hadi hasi 100. Oksijeni iliyosambaratika kuwa atomi moja moja hula plastiki isiyo na kinga. Resini duni hutoa mvuke ndani ya ombwe na kutia ukungu lenzi za kamera. Kwa sababu hiyo kipimo kinachotumika zaidi kinataka kifaa kilichopashwa nyuzijoto 125 ndani ya ombwe kwa saa 24 kisipoteze zaidi ya asilimia 1 ya uzito wake. Juu ya hayo, kila kilo inayopelekwa angani hugharimu maelfu ya dola. Anayepunguza kilo bila kupunguza nguvu ana bidhaa inayogombewa, na ndiyo maana hukimbilia ofisi ya hataza, inayosajili haki za wavumbuzi, kabla hajafungua mdomo.

Foleni katika ofisi hizo imebadilika sura. Kwa takwimu za Shirika la Miliki Ubunifu Duniani (WIPO), maombi ya hataza yaliyowasilishwa mwaka 2023 yalikuwa takriban milioni 3.55, na waombaji wa China peke yao waliwasilisha milioni 1.64 hivi. Katika vifaa mseto vya anga, majina makubwa ya zamani bado yapo, Toray ya Japani na Boeing ya Marekani yakiwa miongoni mwayo, lakini vyuo vikuu vya China, cha Harbin kikiwamo, vimejaza rejista. Mada nazo zimehama. Hapo awali ushindani ulikuwa juu ya nyuzi za kaboni na resini zinazogandishwa kwa joto ndani ya tanuri lenye mgandamizo. Sasa maombi yanaelekea kwenye plastiki zinazoweza kuyeyushwa na kuundwa upya, uchapaji wa vipuri kwa nyuzi ndefu zisizokatwa, polima zinazokunjwa duniani na kujikunjua zenyewe angani, na vifaa vinavyoungua vyote chombo kinaporudi katika angahewa.

Hili la mwisho linaihusu Afrika Mashariki moja kwa moja. Desemba 30, 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha takriban meta 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni, Kenya. Shirika la Anga la Kenya lilieleza kuwa ni sehemu ya roketi ambayo ilipaswa kuungua yote au kuangukia mahali pasipo watu. Chuma hakikuungua. Wahandisi wa Ulaya wanaotafuta jibu la tatizo hilo wamefika mahali ambapo mkulima wa mkonge wa Korogwe angepatambua: nyuzi za mimea. Kampuni ya Bcomp ya Uswisi imefanya kazi na Shirika la Anga la Ulaya kuunda paneli za satelaiti kwa nyuzi za kitani, kwa kuwa nyuzi hizo ni nyepesi, zinapunguza mtikisiko na zinateketea kwa urahisi. Wajapani mwaka 2024 walipeleka angani LignoSat, satelaiti ndogo yenye kuta za mbao.

Hapa ndipo Tanzania inapopaswa kuulizwa maswali magumu, kwa sababu haikuanza jana. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na katikati ya miaka ya 1960 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, nyingi zikiishia kuwa kamba na magunia. Kituo cha utafiti cha Mlingano, Tanga, kilizalisha mbegu chotara namba 11648, ambayo ilichukuliwa na kusambazwa hadi kuwa mkonge mkuu wa mashamba ya kusini mwa China. Hakuna aliyeiba. Mbegu ilitoka, ikastawi ugenini, na nchi iliyoizalisha ikabaki na masimulizi.

Utafiti wa vifaa mseto nao una historia ya nyumbani. Mwaka 1991 Elifas Bisanda, ambaye baadaye alikuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, alichapisha pamoja na Martin Ansell wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, matokeo ya kutibu nyuzi za mkonge kwa kemikali za silani ili zishikane vizuri na resini ya epoksi na zisinyonye maji. Mwaka uliofuata wawili hao walichapisha sifa za kifaa mseto cha mkonge na resini itokanayo na mafuta ya maganda ya korosho. Mwaka 2002 Leonard Mwaikambo, naye na Ansell, alitoa makala kuhusu kutibu mkonge, sufi na nyuzi nyingine kwa kostiki soda, makala ambayo imenukuliwa na mamia ya watafiti duniani.

Mkonge na mafuta ya korosho viliwekwa katika kifaa kimoja zaidi ya miaka 30 iliyopita, na Mtanzania. Ganda la korosho lina mafuta kiasi cha robo ya uzito wake au zaidi, na mafuta hayo ni malighafi ya resini za jamii ya fenoli, jamii ile ile ambayo wahandisi wa anga huitumia katika ngao za joto na midomo ya injini za roketi. Wamarekani walianza kuyaandikishia hataza kabla ya Vita Kuu ya Pili. Tanzania inaendelea kuuza sehemu kubwa ya korosho zake zikiwa na maganda, kwenda India na Vietnam. Anayenunua korosho ghafi hununua chakula na malighafi ya kiwanda cha kemikali katika gunia moja, na hulipa bei ya chakula tu.

Watafiti waliotajwa hawana deni. Walifanya walichotumwa na taaluma yao, wakachapisha. Deni ni la mfumo uliopokea kazi hiyo na kuihesabu kama karatasi ya kupandisha cheo. Chuo kikuu kinachompima mhadhiri kwa idadi ya makala, bila kumuuliza kabla ya kuchapisha kama kazi yake ilistahili ombi la hataza, kinatoa zawadi kwa viwanda vya wengine. Sheria za Ulaya ziko wazi: uvumbuzi uliokwisha kutangazwa hadharani si mpya tena, na usio mpya haupati hataza. Kosa hilo hurudiwa katika maonyesho. Mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, MAKISATU, yalianzishwa mwaka 2019 kwa nia njema, lakini kijana anayeeleza mbele ya kamera jinsi mtambo wake unavyofanya kazi kabla ya kuwasilisha ombi anaweza kujifungia mlango wa soko la nje siku hiyo hiyo. Waandaaji ni watu wazima wanaolipwa mishahara kwa kazi hiyo. Kijana hapaswi kuwa wa kwanza kuligundua jambo hilo.

Upo upande wa pili wa hataza ambao viongozi huuzungumza mara chache zaidi, na ndio wenye faida ya karibu. Hataza ni mapatano. Dola humpa mvumbuzi haki ya pekee kwa muda maalumu, kwa kawaida miaka 20, naye hulazimika kueleza kwa maandishi jinsi kitu chake kinavyotengenezwa. Haki hiyo ina mipaka ya nchi. Uvumbuzi ambao haukuombewa hataza Tanzania, ama moja kwa moja kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) au kupitia shirika la kikanda la ARIPO lililoko Harare, haulindwi Tanzania. Uliokwisha muda haulindwi popote. Maelezo ya namna ya kutibu nyuzi za mimea, kuchanganya resini na kuunda paneli nyepesi yamejaa katika hifadhi za WIPO na za ofisi za Ulaya, hayalipiwi kusomwa, na sehemu kubwa yake inaweza kutumika kihalali katika karakana ya Gerezani kesho asubuhi. Tahadhari ni moja: bidhaa hiyo ikiuzwa katika nchi ambako hataza bado hai, mwenye hataza atadai chake.

Nani anazisoma kwa niaba ya fundi? BRELA, kwa ushirikiano na WIPO, imekuwa na vituo vya kusaidia teknolojia na ubunifu katika vyuo na taasisi za utafiti. Hilo ni jema. Lakini fundi wa faiba hayuko chuoni. Kwa miaka mingi ofisi za wakala huo zilikuwa Jengo la Ushirika, Mtaa wa Lumumba, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka Soko la Kariakoo, na wafanyabiashara waliopanda ngazi zake walikwenda kuandikisha jina la biashara au kampuni. Umbali kati ya Lumumba na Msimbazi haukuwahi kuwa tatizo. Tatizo ni kwamba maarifa hayo yako kwa Kiingereza, Kichina na Kijapani, katika lugha ya wanasheria, na hakuna ofisa aliyepewa jukumu la kuyageuza yawe kitu ambacho fundi anaweza kukisoma na kukitumia.

Sheria yenyewe imezeeka. Sheria ya Hataza, Sura ya 217, ilitungwa mwaka 1987, kabla ya Shirika la Biashara Duniani kuwapo na kabla Tanzania haijajiunga na mkataba wa kimataifa wa ushirikiano wa hataza mwaka 1999. Isitoshe, hataza si jambo la Muungano. Mvumbuzi wa Kariakoo aliyelindwa na BRELA akitaka kulindwa Unguja anapaswa kwenda kwa wakala wa Zanzibar, chini ya sheria ya Zanzibar ya mwaka 2008. Katika nchi moja yenye soko moja, huo ni mzigo kwa mtu mdogo, na kampuni kubwa ya nje yenye mawakili wake haiuhisi.

Itasemwa kwamba Tanzania si nchi ya maroketi, na kwamba fedha za umma ziende kwenye madawati na dawa. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama Serikali yenyewe isingetangaza mwaka 2023 kwamba nchi itakuwa na satelaiti yake. Majirani wametangulia: Rwanda mwaka 2019, Uganda mwaka 2022, Kenya mwaka 2018 na tena Aprili 15, 2023 kwa Taifa-1. Zote zilitegemea wabia wa nje katika ujenzi au urushaji, na kwa mwanzo hakuna aibu katika hilo. Aibu ni kubaki hapo. Kati ya 1967 na 1988 Waitaliano walirusha maroketi ya Marekani kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, Kenya. Satelaiti iliyorushwa hapo Desemba 12, 1970 ilipewa jina Uhuru, kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Pwani yetu ya Afrika Mashariki ilitoa jina na nafasi karibu na ikweta. Miongo miwili ya urushaji haikuacha kiwanda hata kimoja cha vyombo vya anga nyuma yake.

New Zealand haikuwa nchi ya maroketi pia. Kampuni ya Rocket Lab, iliyoanzishwa huko na Peter Beck, ilijenga roketi Electron yenye mwili wa kaboni na resini, ikaifikisha kwenye mzunguko Januari 2018. Nchi yenye watu wachache kuliko Mkoa wa Dar es Salaam ilifanya hivyo kwa kuchagua kifaa kimoja na kukijua vizuri kuliko wengine. Tanzania haidaiwi roketi. Inadaiwa kuchagua. Paneli ya mkonge na resini ya korosho inayofaa kuwa mlango wa gari, boti ya mvuvi wa Ziwa Victoria au mguu bandia ni hatua ya lazima kabla ya paneli ya satelaiti, na ina wateja hata kama satelaiti haitarushwa kamwe.

Wala hataza si hirizi. Katika miaka ya 1960 wanasayansi wa serikali ya Uingereza huko Farnborough walipata njia ya kutengeneza nyuzi za kaboni zenye nguvu, wakaiandikisha na kuikodisha kwa kampuni za kwao. Rolls-Royce ilijaribu kuzitumia katika mapangaboi ya injini ya ndege, ikashindwa, na mwaka 1971 ikafilisika. Mwaka huo huo Toray ilianza uzalishaji wa kibiashara Japani, ikavumilia miaka ya soko dogo kwa kuuza fimbo za gofu na za kuvulia samaki, na leo ndiyo inayoongoza duniani. Waingereza walikuwa na cheti, Wajapani wakawa na kiwanda na subira. Kwa hiyo ofisa atakayejibu tahariri hii kwa kuonyesha vyeti vilivyotundikwa ukutani atakuwa amejibu nusu ya swali.

Uwajibikaji umepotea kwa sababu jambo moja limegawanywa kwa wizara nne. BRELA iko chini ya Viwanda na Biashara. Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) iko chini ya Elimu. Mkonge na korosho ni vya Kilimo. Satelaiti ni ya Mawasiliano. Kila moja ina mpango mkakati, na kila moja inaweza kunyooshea nyingine kidole bila kusema uongo. Umoja wa Afrika uliafikiana zamani kwamba kila nchi itenge asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti, na viongozi wa Tanzania wameirudia ahadi hiyo mara nyingi. Ahadi isiyo na mwenyewe haitekelezwi.

Apatikane mwenyewe. Serikali iteue taasisi moja, na COSTECH ndiyo inayofaa, iwajibike kwa vifaa mseto vitokanavyo na mkonge na korosho, ikiwa na bajeti inayosomeka peke yake. Utafiti wowote unaolipiwa na umma usichapishwe wala kuonyeshwa kabla ya kupita dawati la hataza, na dawati hilo lijibu ndani ya muda uliowekwa, maana urasimu wa miezi sita utamfukuza mtafiti kama ambavyo uzembe umemfukuza. Bodi ya Mkonge na Bodi ya Korosho zilipe ada za maombi ya nje, kwa kuwa mkulima anayekatwa tozo ana haki ya kuona tozo hiyo ikinunua kitu zaidi ya safari na semina. BRELA itoe kwa Kiswahili, kila robo mwaka, maelezo ya hataza zilizokwisha muda na zisizolindwa nchini katika fani chache zilizochaguliwa, yenye michoro na vipimo, na yapelekwe Gerezani, Vingunguti na ofisi za mikoani za Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO). Kazi hiyo inahitaji wahandisi wachache na watafsiri wazuri. Haihitaji sheria mpya. Sheria ya 1987 nayo ifanyiwe kazi, lakini isitumiwe kuwa kisingizio cha kuahirisha yanayowezekana leo.

Muda wa kulegea una mwisho. Nchi zenye maendeleo duni, Tanzania ikiwa miongoni mwazo, zimepewa hadi Julai 1, 2034 kabla ya kulazimika kutekeleza kikamilifu mkataba wa kimataifa wa haki za ubunifu katika biashara. Nchi nyingine zilitumia vipindi kama hivyo kujifunza, kunakili kihalali na kujenga viwanda. Zimebaki chini ya bajeti kumi.

Wizara iliyoandika amri ya Julai 2025 na kuifanya itumike mara moja ndiyo inayosimamia BRELA. Haiwezi kudai kwamba haina uwezo wa kuchukua hatua za haraka. Katika Bunge la bajeti lijalo, kabla ya kusoma idadi ya leseni zilizokaguliwa Kariakoo, waziri alieleze Taifa idadi ya maombi ya hataza yaliyotokana na utafiti uliolipiwa na umma, taasisi moja moja kwa jina lake. Penye sifuri asome sifuri, kisha amtaje kiongozi anayewajibika nayo.